Mgeni katika Jumba la Urbino

Jumba la mtawala lililogeuzwa makumbusho ya sanaa ni nyumba yenye wenyeji wawili. Mwenyeji wa kwanza ni yule aliyeijenga. Amekufa zamani, lakini jina lake lingali limechongwa juu ya milango. Mwenyeji wa pili ni serikali, iliyokuja baadaye na kutundika kutani picha ambazo aghalabu hazikuwa za nyumba ile. Mgeni hukaribishwa na wote wawili kwa mara moja, na kwa kuwa wote ni wakarimu, huwa taabu kwake kutambua ni nani aliyemwandalia nini. Italia ina majumba mengi ya namna hii. Florence kuna Palazzo Pitti, Roma kuna Palazzo Barberini, Palermo kuna Palazzo Abatellis. Hapa nataka kuliangalia moja tu, Palazzo Ducale la Urbino, ambalo tangu mwaka 1912 ni Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya jimbo la Marche. Nimelichagua kwa sababu ndilo zuri kuliko yote niyajuayo, na kwa sababu uzuri wake umewafanya wengi waliolisifu kusahau kazi yao.

Kazi ya mhakiki ni kueleza kitu kimefanywa namna gani, kwa ajili ya nani, na kinatutaka tuamini nini. Sisi tuliolelewa na mashairi tunalijua jambo hili vizuri. Tukisoma utenzi uliotungwa kwa heshima ya sultani au liwali, twafurahia vina na mizani, huku tukikumbuka kwamba mtungaji alikuwa akila kwa huyo huyo anayemsifu. Hatumwiti mtungaji mwongo. Walakini hatuyachukui maneno yake kuwa tarikhi. Ajabu ni kwamba msomaji yule yule, mwangalifu sana mbele ya beti za sifa, akifika katika jumba la Urbino huuacha uangalifu wake mlangoni kama aachavyo viatu. Jumba lile nalo ni utungo wa sifa. Limetungwa kwa matofali, mawe na mbao badala ya maneno.

Anayesifiwa ni Federico da Montefeltro, aliyezaliwa mwaka 1422 na kufa mwaka 1482. Urbino ni mji mdogo juu ya vilima, hauna bandari. Mali iliyojenga jumba hili ilitoka vitani. Federico alikuwa jemadari wa kukodiwa. Papa, mfalme wa Naples, Milan na Florence walimlipa kwa nyakati mbalimbali apigane kwa ajili yao, na pengine walimlipa ili asipigane nao. Yeye alikuwa mwana wa nje ya ndoa, akashika utawala mwaka 1444 baada ya ndugu yake wa baba mmoja, Oddantonio, kuuawa katika njama. Mwaka 1474 Papa Sixtus IV alimpa cheo cha duca. Katika mchezo wa farasi na mikuki alipoteza jicho la kulia, ndiyo maana wachoraji humwonyesha upande wa kushoto wa uso. Mhakiki na alikumbuke hilo tangu mwanzo: mchoraji wa bwana, kabla hajagusa rangi, amekwisha kuchagua upande wa kusimama.

Mwaka 1468 Federico alimkabidhi kazi ya ujenzi Luciano Laurana, fundi mzaliwa wa Dalmatia, kwa hati ambayo maneno yake yamehifadhiwa hata leo. Ndani yake alieleza kwamba alitafuta kila mahali, hasa Toscana, asipate mjuzi wa kumridhisha mpaka alipompata huyu. Laurana aliondoka mwaka 1472, na baadaye Francesco di Giorgio Martini wa Siena akaiendeleza kazi. Mtu akilitazama jumba kutoka upande wa magharibi, nje ya mji, huona minara miwili myembamba, na katikati yake baraza zilizopandana moja juu ya nyingine. Hapana dalili ya ngome, ingawa mwenyewe alikuwa askari. Uso ule wa jumba wasema kwamba bwana wa hapa hana hofu na mtu. Ni maneno ya kujigamba, lakini yamesemwa kwa sauti ya chini, na sauti ya chini huaminiwa upesi.

Ndani ya ua sauti hupanda. Ua wenyewe ni mtulivu, umezungukwa na nguzo na matao yaliyopangwa kwa vipimo ambavyo sijui kama vimepata kushindwa mahali popote. Lakini juu ya matao, na tena juu ya madirisha, yamechongwa maneno ya Kilatini kwa herufi kubwa za Kirumi, yakizunguka pande zote nne. Yasema kwamba Federico aliijenga nyumba hii tangu msingi kwa utukufu wake na wa kizazi chake. Kwamba alipigana mara nyingi, akawafukuza adui, akashinda katika kila pambano. Na kwamba uadilifu wake, huruma yake, ukarimu wake na dini yake wakati wa amani vililingana na ushindi wake wa vitani. Msomaji hana budi kuuzunguka ua, shingo ameiinua, ili aumalize usemi. Nadhani hii ndiyo hila kubwa ya mahali pale. Utenzi mtu huusoma ameketi. Huu humzungusha msomaji mfano wa mtumishi anayengoja kuitwa.

Neno huruma katika maandishi yale lataka kusomwa pamoja na habari za Volterra. Mwaka 1472 Federico, akiwa ameajiriwa na Florence, aliuzingira mji huo. Mji ukasalimu amri, na juu ya hayo ukaporwa. Katika nyara zilizofika Urbino kulikuwa na vitabu vya Kiebrania vya msomi mmoja Myahudi wa Volterra, ikiwamo Biblia kubwa yenye nakshi, navyo vikatiwa katika maktaba ya bwana. Nayataja haya mapema kwa sababu nitayarudia.

Msomaji aniwie radhi nikivipita vyumba vingi kwa haraka. Kuna meko iliyochongwa watoto wa kimalaika wanaocheza ngoma, dhahabu juu ya buluu, kazi ya Domenico Rosselli. Kuna milango ya njumu. Chini kabisa kuna jiko, chumba cha kuogea, zizi la farasi na ghala la kuwekea theluji, vitu ambavyo maandishi ya uani hayavitaji, nami niliviangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Penye milango na madirisha pamechongwa herufi FC, za wakati Federico alipokuwa bado na cheo cha conte, au FE DUX, za baada ya mwaka 1474. Kwa herufi hizo mtu aweza kubaini upande upi wa jumba ulikwisha kwanza. Lakini chumba kinachostahili saa nzima ni kidogo mno, hakifiki mita nne kwa nne: chumba cha kusomea cha Federico, chenye tarehe ya mwaka 1476.

Kuta zake, kutoka sakafuni hadi kupita kichwa cha mtu, zimefunikwa kwa njumu ya mbao juu ya mbao. Hakuna rangi ya mchoraji. Ni vipande vya miti ya aina mbalimbali, vyeupe, vya kahawia na vyeusi, vilivyokatwa na kuunganishwa hata macho yakadanganyika. Waona makabati yenye milango ya kimia, mingine imefunguliwa nusu, na kivuli cha kila mlango kimeanguka mahali pake. Ndani ya makabati mna vitabu vilivyolazwa ovyo, ala za muziki, vyombo vya kupimia nyota, na deraya iliyovuliwa vipande vipande. Kindi ameketi karibu na kikapu cha matunda, na nyuma yake nchi yafunguka kwa mbali, vilima na maji. Aliyekulia katika nyumba ya mawe yenye zidaka atanyoosha mkono kutaka kugusa kitabu, na mkono utagonga ubao uliolala sawasawa. Kazi hii inahusishwa na karakana ya ndugu wawili wa Florence, Giuliano na Benedetto da Maiano.

Wengi huusifu ustadi huo kama mchezo wa kufurahisha macho. Mimi naona ni hoja. Silaha zimetiwa kabatini, na katika ukuta Federico mwenyewe amesimama amevaa joho la msomi, mkuki wake umeelekezwa chini. Chumba kizima kinasema kwamba vita ni kazi ya nje, na elimu ndiyo nyumbani. Si uongo mtupu. Utotoni alifundishwa Mantua na Vittorino da Feltre, mwalimu mashuhuri wa zama zile, na maktaba yake ya vitabu vya mkono ilikuwa miongoni mwa maktaba kubwa za Ulaya. Walakini deraya ile haikutupwa. Imo kabatini na mlango u wazi, tayari kuvaliwa kesho. Fundi aliyeikata mbao, kwa kujua au kwa kutojua, alisema kweli kuliko yule aliyechonga Kilatini uani.

Juu ya njumu palikuwa na picha za watu mashuhuri 28 katika safu mbili: Plato na Aristotle, Musa na Sulemani, Homer, Dante, mapapa, na mwalimu Vittorino mwenyewe. Leo 14 kati yao wako Urbino, na 14 wako Louvre, Paris. Mahali pa walioondoka pamewekwa nakala. Hapa ndipo swali la wenyeji wawili linapoanza kuuma.

Francesco Maria II della Rovere, wa mwisho katika watawala wa Urbino, alikufa mwaka 1631, na nchi ikarudi mikononi mwa Papa. Mjukuu wake Vittoria, aliyeolewa katika nyumba ya Medici, alirithi mali. Picha nyingi bora zikaenda Florence, zikiwamo nyuso za Federico na mkewe Battista Sforza zilizochorwa na Piero della Francesca, na yule Venus wa Titian ambaye dunia bado humwita wa Urbino. Maktaba ilihamishiwa Vatican mwaka 1657. Mwaka 1811, katika utawala wa Napoleon, ile picha ya Piero ambayo Federico amepiga magoti ndani ya deraya mbele ya Bikira Maria ilipelekwa Milan kutoka kanisa la San Bernardino lililo nje ya Urbino, nayo iko Milan hata sasa. Jumba likabaki kama sahani iliyokwisha kuliwa. Njumu ya chumba cha kusomea ilisalia, yamkini kwa kuwa ilikuwa sehemu ya ukuta.

Na picha tunazoziendea leo zimetoka wapi? Kupigwa Mijeledi kwa Kristo, kazi ya Piero, ilikuwa katika sakristia ya kanisa kuu la mji. Bikira wa Senigallia, kazi yake pia, ametoka kanisani Senigallia, mji wa pwani. Ile picha ndefu ya mji mkamilifu usio na mtu hata mmoja, ambayo mchoraji wake bado hajulikani kwa hakika, ilitoka katika nyumba ya watawa wa Santa Chiara. Picha ya mwanamke aitwaye La Muta, yaani bubu, iliyochorwa na Raphael, mzaliwa wa Urbino, ililetwa kutoka Florence mwaka 1927. Zote hizi zimeandaliwa na mwenyeji wa pili. Lakini mgeni, akiwa amekwisha kuzungushwa uani na kulainishwa na njumu, humshukuru mwenyeji wa kwanza. Hutoka akisema kwamba Federico alijua kuchagua. Alijua, sikatai, ila mengi aliyoyachagua hayamo tena humo, na mengi yaliyomo hakuyachagua yeye. Wezi hawakupotea hivyo. Waliingia usiku mmoja wa Februari 1975, wakachukua zile mbili za Piero na La Muta, wakaziacha sifa za bwana mahali pake. Picha zilipatikana Locarno, Uswisi, mwezi wa Machi 1976.

Kupigwa Mijeledi ni picha ndogo, kimo chake hakifiki sentimita 60 na upana hauzidi sana 80. Imegawanyika sehemu mbili. Kushoto, ndani kabisa ya ukumbi wenye nguzo nyeupe, Kristo amefungwa kwenye nguzo anapigwa, na Pilato ameketi akitazama. Kulia, mbele yetu, wamesimama watu watatu wakubwa kwa umbo, wamevaa mavazi ya thamani, isipokuwa kijana wa katikati aliye pekupeku mwenye joho jekundu. Hawageuki kutazama. Kelele za mijeledi haziwafikii, au zimewafikia nao wamezizoea. Piero alitia jina lake chini ya kiti cha Pilato, wala si chini ya miguu ya matajiri.

Watu hawa watatu ni nani? Mapokeo ya mji yalisema kijana yule ni Oddantonio, amesimama kati ya washauri wabaya waliomponza. Wataalamu wengine wameona mashauri juu ya Constantinople, iliyotekwa na Waturuki mwaka 1453, kwa maana kofia ya Pilato yafanana na ile aliyovaa mfalme wa Byzantium, John VIII Palaiologos, katika nishani iliyomwonyesha. Vitabu vimeandikwa kwa kila rai. Sina rai mpya, ila nina neno juu ya mapokeo yale ya kwanza: ni nyumba inayosema. Picha imekaa mji mmoja na jumba la akina Montefeltro, na jumba likaivuta, likaitaka izungumze habari za ukoo wake. Picha imekataa kwa zaidi ya miaka 500. Kama ingekuwa picha ya sifa, tungalijua inamsifu nani; mlipaji hukubali mengi, lakini hakubali kutotambulikana. Naona ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizomo humo, na ukubwa wake ni huu: imeonyesha namna watu wenye cheo wanavyosimama wakati mtu anapopigwa nyuma yao, isiwalaumu wala isiwatetee.

Kazi nyingine ninayotaka kuisema haina unyamavu huo. Ni ubao mrefu wa chini ya picha ya madhabahuni, zaidi ya mita tatu kwa urefu na sentimita 43 tu kwa kimo, uliochorwa na Paolo Uccello kati ya mwaka 1467 na 1468, mchoraji akiwa amekaribia miaka 70. Uliagizwa na chama cha waumini wa Corpus Domini mjini Urbino, wenye kuiheshimu Ekaristi. Wageni wengi huuangalia kwa tabasamu. Rangi zake ni za hadithi za watoto: nyekundu, kijani kibichi, weusi wa usiku, sakafu zake za miraba zarudi nyuma kwa kanuni kali ya kuonyesha masafa, elimu ambayo Uccello aliipenda kuliko usingizi, kama wasemavyo waliosimulia maisha yake. Nguzo zenye rangi zaugawa ubao sehemu sita, na kila sehemu yasimulia tukio moja.

Tukio la kwanza ni dukani. Mwanamke Mkristo anamletea Myahudi mkopeshaji wa rehani hostia iliyobarikiwa, badala ya fedha. Ukutani mwa duka kuna ngao zenye alama, na miongoni mwa alama hizo mna nge na kichwa cha mtu mweusi. Msomaji wa Afrika asipite upesi hapo. Mchoraji alitaka kuonyesha kwa haraka kwamba nyumba hii si ya wenzetu, na vitu alivyovipata mkononi ni mdudu mwenye sumu na uso kama wetu. Tukio la pili: Myahudi anaitia hostia motoni, nayo inatoka damu, damu yapita sakafuni, yatoboa ukuta, yafika njiani, na askari wanauvunja mlango. La tatu ni maandamano ya kuirudisha hostia madhabahuni. Katika la nne mwanamke anapelekwa kunyongwa, na malaika anamtokea hewani. Katika la tano Myahudi, mkewe na watoto wao wawili wamefungwa nguzoni wanachomwa moto. Katika la sita maiti ya yule mwanamke imelazwa mbele ya madhabahu, na malaika wawili wanaigombania na mashetani wawili.

Hadithi hii yasemekana kutokea Paris mwaka 1290. Ni singizio. Singizio kama hilo lilizagaa Ulaya kwa mamia ya miaka na likaua watu kwa maelfu. Mwaka 1298 katika Ujerumani ya kusini Wayahudi wa miji mingi walichinjwa kwa neno lililoanza hivyo hivyo. Wala Urbino haikuisimulia kwa kupitisha wakati. Mji ulikuwa na Wayahudi wake, waliokopesha kwa rehani kwa idhini ya mtawala, na katika miaka iyo hiyo ilianzishwa nyumba ya rehani ya Kikristo ili kushindana nao. Ubao ule uliwekwa chini ya picha ya madhabahuni, mbele ya macho ya waliopiga magoti. Ulikuwa mahubiri, na waliohubiriwa walikuwa na jirani wa kumfikiria.

Picha ya juu yake ilikamilishwa mwaka 1474 na Joos van Wassenhove wa Flanders, ambaye Waitalia humwita Giusto di Gand. Yaonyesha Kristo akiwagawia mitume mkate, na kando amesimama Federico, anazungumza na mtu mwenye ndevu aliyevaa mavazi ya Mashariki. Wengi humtambua kuwa mjumbe wa Uzun Hassan, mtawala wa Uajemi, aliyefika Italia kutafuta washirika dhidi ya Waturuki. Na wako waliotoa hoja kwamba mjumbe huyo mwenyewe alizaliwa Myahudi akabatizwa. Ikiwa hoja hiyo ni sahihi, basi madhabahu moja ilikuwa na Myahudi aliyeongoka akikaribishwa juu, na Myahudi asiyeongoka akichomwa chini pamoja na watoto wake, na kati yao bwana wa mji, mwenye huruma iliyochongwa uani kwa Kilatini na vitabu vya Kiebrania vya Volterra rafuni mwake. Hata kama si sahihi, bwana yupo pale pale juu ya moto.

Leo vitu hivyo viwili vimo ndani ya jumba. Vimetolewa kanisani, na mahubiri yamenyamazishwa. Sasa ni sanaa. Nakiri kwamba kuna faida. Hakuna apigaye magoti tena mbele ya singizio lile. Lakini jumba lenyewe, kwa uzuri wa madirisha yake na vipimo vyake, humwelekeza mgeni kutazama kila kitu kama atazamavyo njumu ya kindi na matunda. Mgeni husoma miraba ya sakafu, asisome damu iliyo juu ya miraba hiyo. Atasema, Uccello alikuwa stadi wa masafa. Ni kweli kabisa, na kwa hiyo jambo ni zito zaidi. Damu ile yapita njia iliyonyooka kwa sababu masafa yamepimwa sawasawa. Ukuta wa nyumba umekatwa ili tuone ndani na nje kwa pamoja, familia upande mmoja na askari upande mwingine. Ustadi ndio unaoufanya uongo uonekane kama jambo lililoshuhudiwa. Anayesema tuutenge ustadi na hadithi, tuusifu huu na kuisamehe ile, hajautazama ubao wenyewe. Hauna mshono pale anapotaka kukata.

Nimekwisha kusikia jibu la upande wa pili: picha kama hii iondolewe machoni, kwa kuwa ni matusi. Siafiki. Ikiondolewa, litabaki jumba la Federico likijisifu bila mpingaji, na mgeni atadhani elimu ya wakati ule ilikuwa kindi na vitabu tu. Ubao wa Uccello ndio kitu kimoja humo kinachosema waziwazi ni nani alilipia amani ya madhabahu. Ibaki, na ielezwe kwa maneno mapana kama ielezwavyo njumu.

Zaidi ya hayo, kuna jambo katika ubao ule ambalo sidhani chama kililiagiza. Katika tukio la pili, wakati mlango unapovunjwa, mchoraji angeweza kumwonyesha Myahudi peke yake na ubaya wake. Badala yake kamtia mke na watoto chumbani. Baba amegeuka kuelekea mlangoni. Mama amewakusanya watoto karibu naye, na mmoja analia, kama aliavyo mtoto yeyote anaposikia shoka likipiga mlango wa kwao usiku. Uccello ameiona hofu ile na kuichora kwa usahihi ule ule alioupa sakafu. Kisha, sehemu tatu mbele, ameitia motoni familia iyo hiyo, watu wanne kwenye nguzo moja, wapanda farasi wakitazama. Kwa mwanamke aliyeuza hostia malaika amekuja tangu kamba ya kunyongea, na katika sehemu ya mwisho bado malaika na mashetani wanamvuta, wala mchoraji hakusema nani atashinda. Juu ya moto wa watoto wale wawili mbingu ni nyeusi na haina malaika hata mmoja.